Somo wa Binti Siwema

Sogeeni, na wa nyuma wasikie. Leo sisimulii bure: nikimaliza nitawadai hukumu.

Siwema wa Kwamsanja alizungukwa na wanawake watatu. Chausiku, wifi yake, alikuwa na mkono mvumilivu. Akichambua mchele, jiwe halimponyoki. Bi Mashavu, jirani mjane, alikuwa na ulimi usiojua kuficha. Ukimwuliza kama umependeza, ujiandae. Mwanaidi, dada yake, alikuwa na miguu isiyokubali kuacha safari njiani.

Kwao, mtoto wa kike hupewa jina la mwanamke mmoja aliye hai. Huyo ndiye somo wake, naye humnyoa nywele za kwanza siku ya arobaini. Siwema alikuwa amejifungua binti, na ilimpasa achague mmoja tu. Alichanganyikiwa, maana bila yeyote kati ya hao watatu, yeye na mtoto wasingekuwa hai. Sikilizeni ilivyokuwa.

Mimba ikiwa changa, Siwema alikuwa akichuma mchicha, mbwa akamuuma kifundoni na kutokomea kwenye mikonge. Mama mkwe akapiga kelele, "Mkamateni! Tuchome manyoya yake, tubandike!" Ndiyo dawa waliyoirithi. Chausiku akasema, "Mama, naomba niuoshe mguu kwanza." Akachukua sabuni ya kufulia, akamimina maji kwa kata, akasugua, akamimina tena.

"Wifi, kidonda chenyewe kidogo, unanichuna!" Siwema akalia.

"Lia tu, mwenzangu. Bado sijachoka."

Akaosha mpaka mtungi ukaisha.

Watu wakasema ni mbwa mpita njia tu, na Siwema akataka akalale. Hapo Bi Mashavu akaja, pindo la khanga mdomoni. Hakuna aliyemwona mbwa vizuri. Angenyamaza, nani angejua?

"Ni Popo wangu, anayenilindia mahindi dhidi ya ngedere," akasema. "Tangu juzi anauma hata miti, mate yanamchuruzika, maji hayamezeki. Siku ya chanjo ya mbwa nilimficha uvunguni, nikidhani watamuua. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Mnichukie baadaye."

Wakaondoka saa ile ile. Muuguzi akakitazama kidonda, akauliza nani aliyekiosha vizuri hivyo.

"Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyo kwenye mate," akaeleza. "Sabuni na maji vimeondoa vingi, si vyote. Vinavyobaki hufuata mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Chanjo ikiwahi, inavizuia. Dalili zikitangulia, mgonjwa haponi."

Akamchoma sindano ya kwanza, akampangia tarehe za nyingine.

Kidonda kikafunga. Siwema akajiona mzima, akagoma kurudi kuchomwa. Usiku alikuwa akilishika tumbo na kuwaza kwamba dawa kali zitamuua mwanawe.

Mwanaidi akamkalia kitako. "Muuguzi amekwambia chanjo haimdhuru mtoto. Kilichopona ni ngozi, dada yangu. Vaa viatu."

"Siendi."

"Basi tutakaa hapa wote, na chakula sipiki."

Siwema akacheka huku analia, akavaa viatu. Kila tarehe Mwanaidi alikuja kumchukua. Siku ya sindano ya mwisho mto ulifurika, akambeba mgongoni yeye na tumbo lake, akavuka akimsema njia nzima. Siwema hakuwahi kumpenda dada yake kama siku ile.

Basi arobaini ikafika. Chausiku akampakata mtoto, akasema taratibu, "Mimi sijajaliwa kuzaa. Jina langu litabaki kwa nani?" Mwanaidi akasema, "Wenzangu walianza. Dada angeachia katikati, tungekuwa tunazuru kaburi." Bi Mashavu alikaa kizingitini, hakuingia. "Mbwa alikuwa wangu," akasema, "sistahili kudai." Lakini hakumwondolea mtoto macho.

Asingeoshwa, virusi vingeingia vingi. Asingeambiwa kweli, angelala nyumbani. Asingefikishwa mwisho, kinga ingebaki nusu. Nanyi msiniambie ni muuguzi. Yeye ana watoto wengi wenye jina lake kule mjini, na hakuja.

Siwema ameshika wembe, machozi yanamtoka, wanawake watatu wanamngoja. Je, wewe ungemkabidhi nani?