Chupa Isiyotiwa Dawa

Chubwi.

Sauti moja tu, kisha bahari ikanyamaza. Bi Mize alisimama mwisho wa gati, kamba ya ndoo mkononi, akasubiri kama itafuata ya pili. Haikufuata. Huenda alikuwa samaki, huenda jiwe limeporomoka. Lakini pale kitu kilipoangukia, maji yaliwaka. Duara la buluu lilitanuka, likafifia, na giza likarudi mahali pake.

Basi sogeeni, wakubwa kwa wadogo, nyinyi mnaopenda kuamua mambo ya watu. Kisa hiki kina watu watatu, na zawadi moja isiyokatika vipande.

Wa kwanza ni huyu Bi Mize, mteka maji wa kituo cha utafiti wa bahari cha Ras Kijongo. Kipaji chake kilikuwa kuyajua maji. Akiitazama ndoo alijua kama bahari ya leo ni ile ya jana.

Wa pili ni Hemedi, mlezi. Kipaji chake kilikuwa mikono. Aliweza kumwinua kiumbe asiyeonekana kwa macho, kwa kibomba cha kioo chembamba kama unywele, akamhamisha asijue kwamba amehamishwa.

Wa tatu ni Dokta Raufa, mpambanuzi. Kipaji chake kilikuwa kuona tofauti. Katika tone moja la maji ya chumvi huishi umati wa viumbe wadogo, planktoni. Baadhi wamejifungia ndani ya visanduku vya kioo. Wengine, dinoflajelati, wengi wao wamevaa vigae kama askari na wana mijeledi miwili, mmoja umewazunguka kiunoni, mwingine unaburuta nyuma. Wewe na mimi tungeona vumbi. Dokta Raufa aliona koo na milango, akamrudisha kila mmoja kwao.

Watatu hao waliishi ua mmoja, na kila mmoja alikula peke yake, mlango umerudishwa.

Zamani Bi Mize hakuitwa Bi Mize. Kama wanawake wote wa kwao, aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza: Mama Fulani, njoo; Mama Fulani, hujambo. Kijana huyo alikuwa mteka maji wa kituo kabla yake. Usiku mmoja alishuka kufungua kamba iliyonasa chini ya gati. Mama yake, aliyekuwa amemletea chakula, akasikia chubwi, basi. Kijana hakupatikana, hakuzikwa, hana hata jiwe la kichwani. Tangu hapo watu waliona haya kumwita mama kwa jina lile. Walidhani wanampunguzia. Mmoja mmoja wakahamia kwenye Bi Mize, na yeye naye akaacha kulitamka, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwitikia. Miaka saba ilipita hivyo. Aliikubali kazi ya mwanawe, akasimama pale pale aliposimama yeye.

Sasa usiku ule wa duara la buluu aliteka chupa mbili. Sheria ya kituo ilikuwa moja: kila chupa itiwe matone matatu ya iodini, viumbe wafe upesi, maumbo yao yasiharibike, wapate kuhesabiwa. Chupa ya kwanza aliitia. Ya pili aliitikisa, ikawaka mkononi mwake, na mkono wenye dawa ukakataa kuinama. Akaificha ndani ya kanga, akaenda nayo chumbani, akaiweka dirishani. Kila alipozinduka usingizini aliigusa, nayo ikamjibu kwa mwanga. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu chumbani humo kilichomjibu.

Siku ya tatu, katika chupa yenye dawa, Dokta Raufa alimwona mgeni mmoja asiyefanana na wenziwe. Alifurahi, kisha akahuzunika. Mfu mmoja hatoshi kuwa ushahidi. Aliuliza kama yamebaki maji mengine ya usiku ule. Bi Mize aliendelea na ndoo zake mpaka jioni. Usiku uliotangulia mwanga wa chupa yake ulikuwa umedhoofika, akaona kuendelea kuificha ni kuiua. Akaipeleka kwa Hemedi.

"Kumbe umefuga bahari chumbani, Bi Mize," Hemedi akamtania.

"Wewe umefuga viumbe kwenye neli mia za kioo hakuna neno. Mimi chupa moja ndiyo nongwa?"

Hemedi akacheka, akaipokea kwa mikono miwili.

Alimtafuta yule mgeni, akamwinua peke yake, akamwosha tone kwa tone, akamtia kwenye neli ya maji safi. Asubuhi amekufa. Akamwinua mwingine, akafa. Alibadilisha maji, akabadilisha taa, akaacha kwenda kwao sikukuu mbili. Aliwageuzia hata saa: usiku aliwawashia taa na mchana akawafunika, ili wang'ae wakati watu wako kazini. Mwezi wa tano wa kujaribu, neli moja ilikubali. Mmoja akawa wawili, wawili wakawa kundi. Wengine walisema Hemedi anaongea na neli zake. Ni kweli, na hakuwa na mwingine wa kuongea naye.

Kundi lilipokomaa, Dokta Raufa aliinama kwenye hadubini. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu, akatumia la kushoto mpaka likawa jekundu. Waliotangulia wangemtupa mgeni huyu katika jamii ya wang'aao, wakafunga daftari. Yeye alihesabu vigae vyake kimoja kimoja, akavichora kwa penseli. Chini ya kiuno, palipo na vitano kwa ndugu zake wote, huyu alikuwa na sita, na cha sita kilichongoka kama jino la mtoto. Akachora mara arobaini, asije akawa amedanganywa na jicho. Vilikuwa sita. Spishi mpya.

Bila Bi Mize hapakuwa na wa kulelewa. Bila Hemedi hapakuwa na wa kuhesabiwa. Na bila Dokta Raufa mgeni angebaki kuwa vumbi linalowaka.

Zawadi yenyewe ndiyo hii: kiumbe mpya hupewa jina. Hupewa moja tu, na likishaandikwa limeandikwa, litasomwa hata wasomaji wa leo wakiwa hawapo. Desturi ya kazi hiyo ni kwamba mtu hampi kiumbe jina lake mwenyewe, ila anaweza kumpa la mwingine. Fomu ilikuwa na mstari mmoja, na ilitakiwa kuondoka kesho yake asubuhi.

Alasiri hiyo, kwa mara ya kwanza, watatu hao walikaa meza moja. Palikuwa na sahani ya mihogo ambayo hakuna aliyeigusa.

Dokta Raufa alitaka jina la Ras Kijongo. Wakubwa walikuwa wanasema kituo kifungwe mwisho wa mwaka, na pengine wangeona haya kufunga mahali palipompa kiumbe jina.

Hemedi alitaka jina la Mwalimu Ngwali, aliyemfundisha kuosha chembe hai tone kwa tone. Mzee huyo alilea viumbe thelathini, wakaandikiwa wengine sifa, akafa jina lake haliko kwenye karatasi hata moja.

"Nimemtambua mimi," alisema Dokta Raufa.

"Umemtambua kwa sababu yu hai, na yu hai kwangu," alisema Hemedi. "Aliyemteka ni Bi Mize, na tunamheshimu, lakini alivunja sheria. Kosa nalo hupewa tuzo?"

"Angeitii sheria, ungelea nini?" alisema Dokta Raufa.

Hemedi akaitazama neli iliyokuwa mbele yake. Kisha, taratibu, akamsogezea Bi Mize neli, na Dokta Raufa akamsogezea fomu.

"Na wewe una jina?" Dokta Raufa akauliza. "Hujasema neno tangu tukae."

Bi Mize aliifunika neli kwa pindo la kanga, akaitikisa. Ndani ya kivuli cha nguo mwanga wa buluu ukatanuka, ukafifia. Alifikiri juu ya gati lisilo na kaburi. Alifikiri kwamba kituo kikifungwa hatakuwa na mahali pa kusimama usiku. Alifikiri juu ya yule mzee asiyeandikwa popote, akaona uchungu wa Hemedi ni ndugu wa uchungu wake. Wote watatu walikuwa na haki, na mstari ulikuwa mmoja.

Sasa nawageukia nyinyi mnaosikiliza. Aliyemwokoa kwa kosa, aliyemlea kwa mikono, aliyemtambua kwa jicho lililobaki, kalamu mngempa nani? Je, wewe ungeamua vipi? Usijibu bado. Mtazame kwanza Bi Mize, anajaribu neno ambalo kinywa chake hakijalibeba kwa miaka saba.

"Vuai," akasema.