Saa Isiyomjua Fundi Wake

Wengi wakisikia kwamba mkono mmoja haulei mwana, huwaza nepi, maziwa na shangazi aliyekuja kusaidia kwa wiki mbili akakaa miezi sita. Wahenga hawakuishia hapo. Walimaanisha kwamba kitu chochote tunachotaka kiishi baada yetu sharti kipite katika mikono ya wengine, ikiwemo ile ambayo hatuiamini hata kwa kushika kikombe. Mzee Dakika aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliwahi hata kuiandikia insha, akapongezwa mbele ya darasa. Lakini kuijua methali ni jambo moja na kuikubali ni jambo jingine.

Jina hilo la Dakika hakupewa bure. Kwa miaka arobaini na mitatu alitengeneza saa katika karakana yenye dirisha moja, na mteja aliyechelewa kwa dakika moja alipokewa kwa salamu ya "Habari za tangu jana?" Binti yake wa pekee alikereza vyuma kwa mashine katika karakana hiyohiyo, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Mama mtu alikwisha kufariki, kwa hiyo wawili hao walikula pamoja, waligombana pamoja na walifunga mlango pamoja saa kumi na moja kamili jioni.

Siku moja kamati ya mji ilimwita mzee huyo. Nje kidogo ya mji palikuwa na pango lililoachwa na wachonga mawe, kavu na lenye ubaridi usiobadilika mwaka mzima. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole na msimamo wa mwamba, alieleza kwamba mji ulitaka kuweka humo saa ya kudumu miaka elfu tano, isiyotumia umeme wala betri.

"Mnataka ianze lini?" Mzee Dakika aliuliza, kama mtu aliyeombwa kubadilisha mkanda wa saa ya mkononi.

Hapo wakaelewana. Ila mwenyekiti aliongeza sharti moja. Siku ya ukaguzi, watu watatu ambao hawajawahi kuiona saa hiyo wangeifumua yote, kisha wangeiunganisha tena. Fundi angekuwepo, lakini asiseme neno.

"Hata neno moja?"

"Hata moja, fundi. Katika hiyo miaka elfu tano, karibu yote utakuwa kimya. Tunataka kuona kimya hicho kitakuwaje."

"Na nikikohoa?"

"Kohoa. Ila usikohoe kwa maana."

Kazi ilichukua miaka mitatu, na haki yake lazima apewe: mzee alifikiri vizuri. Mafuta aliyakataa, kwa sababu mafuta yakikaa sana hugeuka gundi. Mihimili aliizungusha katika mashimo ya mawe magumu yaliyosuguliwa. Shaba aliikataa pia, maana shaba haidumu miaka elfu tano, hudumu mpaka mnunuzi wa vyuma chakavu atakapopita. Alitumia chuma kisichoshika kutu na mawe ambayo hakuna mwizi angejisumbua kuyabeba. Uzito wa jiwe kubwa ndio ulioisukuma saa, na jiwe hilo lilipandishwa juu kwa mkono mara moja kwa wiki. Katika paa la pango alitoboa tundu, jua la adhuhuri likapenya na kuangukia mstari uliochorwa sakafuni, ili saa ikikosea isahihishwe.

Magurudumu yake ishirini na manne yalilingana kwa macho kama mapacha. Hata hivyo, kila moja lilisuguliwa kwa tupa, jino kwa jino, hadi likakubaliana na jirani yake mmoja tu. Hivyo ndivyo mafundi wa zamani walivyofanya, na ndivyo saa zao zilivyokuwa tamu. Alama hakuweka hata moja. Kwake yeye, alama zilikuwa za watu wasio na macho.

Binti yake aliona hatari mapema. "Baba, tukate kigezo kimoja cha bati, magurudumu yote yafuate hicho. Likiharibika moja, mtu akate jingine."

"Gurudumu halivai nguo za dukani. Linashonewa."

"Atakayelishonea mwaka elfu tatu ni nani?"

"Hii saa ni mwanangu," mzee alisema bila kuinua macho kutoka kwenye jiriwa iliyobana gurudumu. "Haitaguswa na mkono mwingine."

Binti alizima mashine yake. "Kumbe! Na mimi niliyekuita baba miaka thelathini na minne, nilikuwa mteja?"

Mzee alicheka kidogo, akadhani amesamehewa.

Siku ya ukaguzi walikuja vijana watatu kutoka chuo cha ufundi, wepesi na wenye adabu. Waliifumua saa asubuhi na kuanza kuiunganisha mchana. Gurudumu la tatu wakaliweka mahali pa la tisa, la tisa mahali pa la ishirini, na Mzee Dakika akaanza kukohoa. Alikohoa hivi wakaenda kushoto, akakohoa vile wakarudi kulia, mpaka mwenyekiti akamletea pipi ya kikohozi na kumsimamia aitafune. Walipoliachia lile jiwe zito, saa ilijivuta nusu mzunguko, ikalia kwa kukwaruza, ikakwama. Walijaribu mara tisa. Kila kipande kilikuwa kizima na hakuna kilichokubali mwenzake.

"Miezi mitatu," mwenyekiti alisema akifunga daftari. "Mkishindwa tena, pango litawekwa tangi la maji. Mji unahitaji maji, fundi, siwezi kuwadanganya."

Kwa siku mbili Mzee Dakika hakugusa tupa. Siku ya tatu alisimama kwenye upenyo wa ukuta wa mbao, akamwambia binti yake, "Washa mashine."

Wakakata vigezo vya bati, wakavitundika kwenye ukuta wa pango, kila kimoja kwenye msumari wake. Magurudumu yalikatwa upya, na meno yakaachiwa nafasi ili gurudumu lolote likae popote. Saa ilipungukiwa na ule utamu; sasa ingekosea dakika nzima kwa wiki. Mzee alilazimika kutia tupa kwenye kazi yake bora kuliko zote alizowahi kufanya. Ilimuuma, na aliona aibu kwamba mtu mzima anaweza kulilia chuma.

Kipande kimoja tu alikihurumia. Ndani ya saa kuna ulimi, kijichuma kinachoyumba na kulizuia gurudumu la mwisho, kisha kuliachia jino moja moja. Ndio unaoipa saa mlio wake. Ulimi wa saa hii alikuwa ameusugua kwa miezi kumi na mmoja, ukang'aa kama maji. Hakuukatia kigezo wala hakutengeneza wa akiba.

"Baba, kigezo cha ulimi kiko wapi?" binti aliuliza wakikagua ukuta.

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kipo, mama. Usinihesabie vitu vyangu."

Binti alichoka kubishana. Alimwamini, kama mtoto anavyomwamini mzazi hata pale anapojua kwamba mzazi ni mkaidi.

Safari hii kamati ilileta mwashi, mwalimu mstaafu wa hesabu na mama mmoja fundi cherehani. Mzee Dakika alipowaona alikata tamaa palepale, kwa sababu mwashi alikuwa na vidole vinene kama mihogo. Siku ya kwanza ilikuwa ya kufumua. Fundi cherehani alikunjua karatasi ya kaki sakafuni, na kila kipande kilichotoka alikilaza juu yake, akakizungushia chaki yake ya kushonea, ndipo akakiweka pembeni.

"Mama, hii si gauni," mwashi alimtania.

"Mimi sifumui cha mtu kabla sijachukua umbo lake. Nikikosea, nitarudi wapi?"

"Mwacheni," mwalimu alisema. "Tungekuwa na wanafunzi wa hivyo shule nzima, mimi ningestaafu na nywele zangu."

Siku ya pili waliunganisha. Magurudumu yaliingia bila ugomvi, na Mzee Dakika hakuhitaji pipi. Ilipofika saa nane mchana ulibaki ulimi peke yake. Mwashi aliubeba kwa heshima zote za mtu aliyezoea mawe, lakini ulikuwa laini mno kwa vidole vyake. Uliteleza, ukaanguka kwenye sakafu ya mwamba. Chuma kikavu namna hiyo hakipindi. Ulivunjika vipande viwili.

"Mungu wangu," mwashi alisema. "Mungu wangu, nimeua."

Mwalimu alikimbilia ukuta wa vigezo. Aliupitia kutoka mwanzo hadi mwisho, akaupitia tena kutoka mwisho hadi mwanzo. Cha ulimi hakikuwepo. Binti aligeuka akamtazama baba yake, na Mzee Dakika akatazama viatu vyake. Hakukohoa. Aliliona tangi la maji limekaa pale saa ilipo, na akajua kwamba aliyelileta si mwashi.

Mwenyekiti hakumtazama mtu. "Ikivunjika baada ya miaka elfu mbili hakuna fundi atakayeitwa," alisema. "Endeleeni, au mseme mmeshindwa."

Fundi cherehani alikuwa amekwisha kupiga magoti juu ya karatasi yake. Pale, kati ya mhimili na skrubu, palikuwa na umbo la ulimi kwa chaki. Mstari wake ulikuwa mnene, lakini ulikuwa mzima. Mwalimu alihesabu meno ya gurudumu la mwisho, akapima pembe, akasahihisha chaki kwa kalamu. Mwashi alichukua bamba kutoka kwenye vyuma vya akiba, akaomba tupa.

Iliwachukua siku nne. Mwashi alivuta tupa kama anayekwangua sufuria iliyounguza, na Mzee Dakika alikaa kwenye benchi akiwa amekalia mikono yake mwenyewe ili isinyanyuke. Ulimi wa kwanza ulikuwa mrefu, saa ikakwama. Waliupunguza, ukawa mfupi, magurudumu yakakimbia yote kwa kelele, jiwe likashuka hadi chini. Wakakata mwingine. Walipeana zamu, walitupiana lawama na walichekana. Kadiri walivyozidi kuisogelea njia, mzee aliona wivu, wivu mtupu wa mzazi ambaye mtoto wake amelia usiku akabembelezwa na jirani akanyamaza.

Siku ya nne, ulimi wa sita uliingia. Saa ilianza kulia, hatua moja ndefu na moja fupi, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Ilichechemea hivyo mchana kutwa na usiku kucha. Kesho yake adhuhuri, doa la jua lilipogusa mstari sakafuni, saa ilikuwa imepitwa kwa chini ya dakika moja.

"Fundi," mwenyekiti alisema, "sharti limekwisha. Sema."

Mzee Dakika alisimama. Kwa siku sita alikuwa amekusanya maneno ya kujaza pango.

"Ulimi wangu ulikuwa mzuri kuliko huu."

Mwashi aliinamisha kichwa.

"Huu utalika. Miaka mia mbili, mia tatu, utakuwa umekwisha."

"Basi watakata mwingine, mzee," alijibu fundi cherehani. Hakukusudia ukali, kwake lilikuwa jambo la kawaida, kama kubadilisha zipu.

Mzee aliinama akautazama ulimi ule mpya. "Ndiyo," alisema. "Wangu usingeweza kukatiwa mwingine. Hakuna aliyeujua ila mimi. Huu, hata mwashi kautengeneza."

"Ahsante, mzee," mwashi alisema. "Nadhani."

Walicheka wote, isipokuwa binti. Mzee alimwendea pale alipokuwa amesimama, chini ya ule ukuta wa vigezo.

"Nilikudanganya. Kigezo hakikuwepo."

"Nimeona, baba. Miaka mitatu ya kazi, na ungeiacha ife kwa ajili ya kijichuma."

"Nilitaka kibaki kimoja ambacho bila mimi hakiwezekani." Aliinua macho. "Niwie radhi, mwanangu."

Lilikuwa neno lilelile aliloipa saa, na safari hii lilimfikia mwana mwenyewe. Binti hakusema amesamehe. Aliichukua karatasi ya kaki yenye umbo la ulimi, akailaza juu ya kipande cha bati kwenye meza ya kazi, kisha akamnyooshea baba yake mkasi wa kukatia bati.

Mzee Dakika aliusukuma mkasi ule urudi kwa binti.

"Kata wewe," alisema. "Mimi nitashika."

Akalishika bati kwa nguvu, mwalimu akaibana karatasi isiteleze, fundi cherehani akaonyesha mahali pa kuanzia, na binti akakata. Nyuma yao saa iliendelea kuchechemea, haina habari ni nani aliyeianza. Na hivyo ndivyo mzee yule alivyoielewa, akiwa na miaka sitini na minane, ile insha aliyopongezwa kwayo akiwa mtoto: mkono mmoja haulei mwana.