Tunu na Mgongo wa Mwezi

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Na wewe uliyejikunja pale ukutani, usinisinzilie kabla sijaanza. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa hata moto umesikia.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wanasalimiana njiani, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi chini ya mlima wenye kikohozi. Ndiyo, kikohozi, msicheke. Mlima ule ulikaa, ukakaa, ukakaa, halafu ukakohoa, na jiwe lolote lililokuwa kooni mwake likaruka juu lisionekane tena. Wanakijiji walikwisha kuuzoea. Ukikohoa, waliuambia pole, wakaendelea na vyungu vyao.

Katika kijiji hicho aliishi mwanamke kijana jina lake Tunu, pamoja na mama yake na mdogo wake Mize, ambaye wakati huo alikuwa na mimba. Tunu alikuwa fundi hasa, lakini alikuwa na ugonjwa wa mafundi. Akiona chungu, chake au cha jirani, lazima akigeuze, akigonge kwa kidole, akitazame nyuma kama kina ufa. Alikwenda kula harusini akageuza vyungu vya pilau vya watu. Mama yake aliona aibu mpaka akajifunika kanga usoni.

Sasa fikirieni mtu wa namna hiyo anavyoteseka akimtazama Mwezi. Usiku wote uso ni uleule. Anatoka huku, anazama kule, hageuki hata kidogo.

"Mama, huyu Mwezi mbona hageuki?"

"Ana adabu, mwanangu. Hawapi watu mgongo."

"Labda anaficha ufa."

"Labda. Wewe unataka kumgonga kwa kidole?"

Mama alisema kwa mzaha, lakini Tunu hakuusikia mzaha. Alichukua udongo wa mtoni, akafinyanga chungu kikubwa kama nyumba, chenye kifuniko cha kujifungia ndani. Akakichoma mpaka kikalia kama kengele. Kwa udongo uliobaki akafinyanga chungu kidogo cha kukaa mapajani, akampa mama yake.

"Udongo ni mmoja, mama. Nikiimba ndani ya kile, utanisikia ndani ya hiki. Nakwenda kuuona mgongo wa Mwezi, halafu narudi."

Mama alilia, akakasirika. Mwisho akasema, "Nenda. Lakini kila jioni uniimbie. Nikikusikia, nitakubakishia chakula na kukifunika kwa kawa, kama ninavyombakishia mtu yeyote wa nyumba hii aliyechelewa. Nisipokusikia..."

Safari haikukosa wasafiri. Kobe alikuja kwa sababu hachukui nafasi, nyumba yake anatembea nayo. Fisi alikuja kwa sababu alikuwa ameamini tangu utotoni kwamba Mwezi ni donge la mafuta, na alitaka kufika kabla halijayeyuka. Wakakisukuma chungu mpaka kooni mwa mlima, wakaingia, wakafunga kifuniko, wakangoja. Mlima ukakaa, ukakaa, ukakaa.

Ukakohoa.

Chungu kiliruka mpaka Tunu akahisi tumbo lake limebaki kijijini na linawafuata kwa miguu. Kelele zilipokwisha, alifungua macho akaona ajabu. Hakuna kilichokuwa kimekaa. Ugali ulikuwa unaelea. Kobe alikuwa anaelea chali, miguu juu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na haja ya kusaidiwa kugeuka. "Kumbe ndivyo ndege wanavyojisikia," akasema kwa sauti ndogo, na machozi yake nayo yakaelea.

Jioni Tunu aliingiza kichwa katika kona ya chungu, akaimba:

*Mama, nipo, nipo, nipo,*
*funika changu nakuja.*

Na kutoka chini, mbali, sauti ya mama ikaja: "Nimekifunika, mwanangu."

Wakaenda hivyo, jioni baada ya jioni, wimbo na jibu, mpaka Mwezi akajaa mbele yao, mkubwa, mweupe, wa polepole. Tundu la kuchungulia halikuonyesha kitu kingine.

"Karibuni," Mwezi akasema. "Mnapita au mnakaa?"

"Tunapita, babu," akasema Kobe. "Tunazunguka tu."

"Basi jueni jambo moja. Mgongoni kwangu sauti haipiti. Mwenye mtu wa kuaga, na aage sasa."

Kobe akamgeukia Tunu. "Muage mama yako. Mwambie utanyamaza kidogo, asishtuke."

"Namuaga sasa hivi," Tunu akasema. Lakini papo hapo Fisi akaanza kuifukuza nyama yake kavu. Nyama ilimpita puani, akaitia mdomo, ikakwepa, akapiga mbizi, akagonga ukuta kwa kichwa. Tunu alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Tunu, muage mama," Kobe akasema.

"Ngoja kidogo."

Halafu Fisi akataka kwenda haja. Jamani, nisiwafiche. Hapa kwetu kila mtu anajua haja inakoelekea. Kule haielekei popote. Tunu alikuwa amechukua kibuyu kwa kazi hiyo, na Fisi aligombana na kibuyu, kibuyu kikashinda, na wote watatu wakapata kazi ya kukimbizana na kile nisichotaka kukitaja mbele ya moto wa watu. Wakatukanana, wakachekana, wakasafisha.

"Tunu, muage mama," Kobe akasema.

"Ngoja kidogo, si unaona mikono yangu?"

Alipokwisha kujifuta, akatazama tundu la upande wa pili, na hapo akaiona dunia. Dunia nzima! Buluu, ya mviringo, imefinyangwa vizuri kuliko chungu chochote alichopata kukifinyanga. Na ilikuwa inageuka. Inajigeuza yenyewe, polepole, kama inayosema, nikague. Tunu alisahau kupumua.

"Tunu," Kobe akasema, "muage mama."

"Ngoja kidogo," Tunu akanong'ona. "Ngoja kwanza nitazame."

Mwezi akaifunika dunia kama kawa inavyofunika sahani. Ikabaki ukingo, ikabaki uzi, haikubaki kitu.

Tunu akakimbilia kona yake akaimba. *Mama, nipo, nipo, nipo.* Chungu hakikutetemeka. Akakigonga kwa kidole, na mlio ukawa wa chungu kilichopasuka, ingawa hakikuwa na ufa popote.

"Babu," akamwita Mwezi, "fanya haraka utupitishe!"

"Haraka siijui, mjukuu wangu," Mwezi akasema. "Ninavyotembea ndivyo hivi."

Basi wakauona mgongo wa Mwezi. Aliuota tangu utotoni, na sasa ulikuwa mbele yake wote. Ulikuwa na mashimo, mashimo, mashimo, kama udongo uliochezewa na vidole vya watoto. Juu yake nyota zilikuwa nyingi mpaka giza lilikosa pa kukaa. Fisi alichungulia, akanusa, akapiga ukelele: "Mawe! Mawe matupu!" akajikunja akalia. Nami siwezi kumcheka Fisi. Amekipenda kitu tangu utotoni, akakifikia, kikawa jiwe.

Tunu alifungua tundu la kuchungulia, akapaza sauti kwa nguvu zake zote: "Ni mimi, Tunu! Nimekuja!" Alitaka angalau mwangwi umjibu. Jina lake likatoka, likaenda, halikurudi. Ndipo akalia yeye pia, na Kobe akaingia ndani ya nyumba yake ili asimtazame mtu mzima akilia.

Mwezi alitembea kwa mwendo wake. Huku chini watu walimwona akifa na kuzaliwa, akifa na kuzaliwa, akifa na kuzaliwa. Kule nyuma yake Tunu hakuhesabu. Aliimba tu kila alipodhani ni jioni.

Mwisho uzi wa buluu ukachomoza, ukawa ukingo, ukawa dunia. Tunu akaimba kabla haijatoka yote:

*Mama, nipo, nipo, nipo,*
*funika changu nakuja.*

Akatega sikio. Kimya.

"Mama amenuna," akamwambia Kobe. "Namjua. Nikifika nitampigia magoti, atacheka."

Kobe akatazama pembeni.

Chungu kikateremka duniani, kikaangukia mtoni, maji yakachemka, kikapasuka vipande. Kobe akatambaa kwenda zake, akitazama juu kila hatua. Fisi akakimbilia porini bila kuaga, na mpaka leo akimwona Mwezi hutoa ile sauti yake. Watu husema anacheka. Ninyi sasa mnajua kwamba hacheki.

Tunu alifika kwao jioni, jua likiwa limebakiza mkono mmoja lizame. Kando ya nyumba aliona kaburi jipya. Hofu ikamshika, akadhani ni la mama. Lakini kutoka uani akaisikia sauti aliyoitamani kuliko zote:

"Tunu! Tunu wangu, njoo!"

"Abee, mama!" akaitikia, akakimbia.

Mama hakugeuka. Alikuwa amenyoosha mikono kwa Mize, na Mize alikuwa anampa mtoto mchanga. "Njoo kwa bibi, Tunu," mama akasema, akampokea mtoto. Halafu akainua macho.

Sitawasimulia ukelele ule. Mama alimpa Mize mtoto, akaja mbio, mikono mbele, na shangazi yao, Bi Mwanamvua, akamkinga njiani.

"Usimguse! Tumemlia huyu, tumemzika. Aliyezikwa hapiti mlango wa mbele, ataingia na kifo nyuma yake."

"Nimezikwa lini?" Tunu akauliza. "Mimi nilikuwa nyuma ya Mwezi tu."

Mize ndiye aliyemweleza, akilia. "Ulinyamaza, dada. Mama alikubakishia chakula kila jioni. Asubuhi alikifunua kimechacha, akapika kingine, jioni akakifunika. Watu wakasema ana wazimu. Mwezi alipokufa mara ya tatu wazee wakakata shina la mgomba, wakalivika kanga yako, wakalizika mahali pako. Na chungu chako kidogo, wakasema lazima kivunjwe juu ya kaburi kama ilivyo desturi. Mama alikikumbatia akakataa. Walimnyang'anya, dada. Walikivunja huku yeye bado ameushika ukingo wake."

Tunu akamtazama mama yake. Mkononi mwa mama mlikuwa na kovu jipya, refu, la kigae.

"Alinyamaza siku ile ile uliyonyamaza," Bi Mwanamvua akasema, sasa kwa upole. "Mize alipojifungua ndipo akasema tena. Neno lake la kwanza lilikuwa kumpa mtoto jina lako."

Wakampeleka nyuma ya jiko, wakamwosha kama mtoto mchanga, wakamwingiza kwa mlango wa majivu, ule wa nyuma wa kutolea majivu ya jikoni. Kikabaki kitu kimoja.

"Anayerudi hupewa jina," shangazi akasema. "La kwanza limekwisha kupewa mtoto, halirudi. Mama yake, mwite."

Mama akafungua mdomo. Akajaribu, akajaribu, akajaribu. Mdomo ulikuwa na jina moja tu, nalo lilikuwa limelala mapajani mwa Mize likinyonya kidole.

Tunu akapiga magoti. "Usihangaike, mama. Niite Sikuaga."

Mama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Karibu, Sikuaga. Ulichelewa wapi?" Usiku huo akampakulia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi chakula hakikufunikwa, kikaliwa kikiwa moto.

Waliishi vizuri, msidhani hawakuishi. Mama alimpenda Sikuaga, na Sikuaga alifinyanga vyungu ambavyo watu walivifuata kutoka mbali. Ila aliacha kuvigeuza vya wenzake. Yule mdogo akakua, akaanza kutembea, na kila jioni mama alisimama uani akaita, "Tunu! Tunu wangu, njoo ule!" Mdogo akajibu "Abee, bibi!" akakimbia. Na mkubwa, mikono yake ikiwa na udongo mpaka viwikoni, alifungua mdomo, akaufunga.

Siku moja mtoto akamuuliza, "Mama mkubwa, nyuma ya Mwezi kuna nini?"

"Kuna mawe."

"Na nini tena?"

Sikuaga akautazama ule uso mweupe uliokuwa unapanda juu ya mlima, uso wa mwenye adabu.

"Na jina langu," akasema. "Nililiita kule, halikurudi."

Hapo ndipo ngano yangu imekaa chini. Sasa moto umekuwa majivu, nanyi mna usingizi. Lakini mtu asinyanyuke akaondoka kimya. Kila mmoja aniage kwa jina lake.