Majina Yaliyoliwa na Mchwa

Mchwa hawana adabu. Waliingia kimyakimya ndani ya kabati la shule ya waimbaji ya kanisa kuu, Bagamoyo, wakayatafuna madaftari ya majina na kumbukumbu ya miaka arobaini na mmoja, wakaacha majalada matupu kama maganda ya korosho. Mwalimu Polikarpi aliposhika daftari la kwanza, lilimwagika mikononi mwake likawa vumbi. Akaketi sakafuni, hoi.

Zilibaki siku tisa kabla ya kikao cha uamuzi. Halmashauri ya kanisa ilikusudia kuifunga shule hiyo ya wavulana, maana waimbaji walikuwa wamebaki kumi na sita na paa lilivuja. Kabla ya kuamua, ilitaka kusomewa historia yake: nani walipita pale, na wamefaa nini. Polikarpi alifundisha pale miaka ishirini na sita, na uchovu ulikuwa umemwingia mifupani.

"Na ifungwe," alimwambia mkewe. "Nami nipumzike."

Hata hivyo alikwenda mtaa wa Dunda kumpa habari Bi Hajra, bibi wa Kiislamu aliyewapikia wavulana wale tangu shule ilipofunguliwa hadi miguu ilipomkatalia mwaka uliopita.

"Shikamoo, Bi Hajra."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawijika hivyo?"

Alipokwisha kumweleza, bibi aliguna. "Mchwa wamekula karatasi. Mimi wamenila? Toa kalamu."

Akaanza na mwaka wa kwanza. Aliwakumbuka wavulana kwa matumbo yao: Anselmi aliyeogopa miiba ya samaki, Fulgensi aliyeficha ukoko mfukoni. Akazitaja hata nyimbo alizozisikia kupitia dirisha la jikoni. Siku ya tatu akamtaja Kandidi.

"Kandidi yupi?" Polikarpi aliuliza.

"Aliyefariki kwa homa wiki ya Pasaka. Wewe ndiye uliyeongoza wimbo wa maziko yake, Mwalimu. Umesahau?"

Kweli alikuwa amesahau. Machozi yakamlengalenga, na tangu siku hiyo alikwenda Dunda kila asubuhi pasipo kusukumwa, mgongo ukimuuma.

Siku ya tisa, mbele ya halmashauri, alisoma majina mia moja themanini na manne. Wajumbe walianza kwa kusinzia. Alipofika kwa Kandidi, mama mmoja, mjumbe kutoka Ubena, akainuka.

"Rudia jina hilo, Mwalimu."

Akarudia.

"Ni mdogo wangu," mama yule akasema. "Nilidhani hapa duniani nimebaki peke yangu kumtaja. Nami nilikuja leo kusema shule ifungwe."

Hapakuwa na aliyesinzia tena. Baada ya saa mbili za mabishano iliamuliwa shule ibaki, paa lizibwe, na Polikarpi atafutiwe msaidizi. Alizipokea habari hizo akiwa ameketi, amechoka hata kutabasamu. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya wavulana wake kumi na sita, akakohoa, akawapa sauti ya kuanzia.

Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.