Tovuti ya Zamu za Kisima

Sogeeni, wajukuu. Zamani hizo za kale, wanyama walipokuwa bado na simu na kompyuta zao, nchi ya Mbugani ilikuwa na kisima kimoja tu. Kila kiangazi wakubwa waliparamia maji, puu, puu, puu, na wadogo wakakanyagwa. Mwaka mmoja Bi Pimbi alimzika mwanawe pale pale kisimani.

Ndipo baraza likaamua itengenezwe tovuti ya kugawa zamu: unabonyeza simu, unapewa saa yako ya kunywa. Kazi akapewa Bi Pimbi mwenyewe, fundi wa programu asiyefika hata gotini kwa Nyati.

Sasa tovuti ina mbele na nyuma. Mbele ndiko unakobonyeza. Nyuma, kwenye seva, ndiko zamu zinakopangwa, na huko huandikwa kwa lugha ya kompyuta. Lugha ipi? Mzee Tembo alitaka Ngome, lugha nzito, kwa sababu babu yake aliitumia. Bwana Nyati alitaka Kimbunga, lugha iliyotoka juzi, ambayo hata yeye hakuwa ameisoma. Wakabishana miezi miwili. Bi Pimbi alipotaja Kibuyu, lugha nyepesi aliyoizoea, walimcheka mpaka akaona haya.

Majani yakaanza kukauka. Bi Pimbi akaogopa kuzika mtoto mwingine. Akajifungia siku tisa, taka taka taka, akaiandika yote kwa Kibuyu.

Kisha akamwendea Tembo.

"Shikamoo, Mzee. Hebu ijaribu. Ni Ngome hii, ila usimwambie Nyati, atanuna."

Kwa Nyati akasema hayo hayo, ila huko ikawa Kimbunga.

Barazani Tembo alisema hajapata kuona tovuti imara kama ile. Nyati akaisifia kasi. Na desturi ya Mbugani ilikuwa hivi: mkubwa akisifu kitu barazani, amekipitisha, hana ruhusa ya kukikataa tena. Kasuku, karani wa baraza, akagonga muhuri, pa!

"Mmeiona Ngome sasa," Tembo akajigamba.

"Ngome ipi, Mzee? Hii ni Kimbunga," Nyati akadakia.

Wote wakamgeukia Bi Pimbi. Naye akafungua kompyuta mbele yao. Mstari kwa mstari, Kibuyu kitupu.

"Umetudanganya," Nyati akafoka.

"Nimewadanganya, wakubwa zangu. Mngekuwa mnabishana hadi leo. Mmeitumia wenyewe, na hakuna aliyejua nyuma kuna nini. Mlichotaka ni zamu, na zamu mmepata."

Baraza zima likaangua kicheko, na muhuri ulikuwa umeshagongwa.

Kiangazi kilipoingia, watoto wa pimbi walikunywa saa tatu asubuhi, taratibu, mpaka matumbo yakawajaa. Kando yao alisimama Tembo, simu kwenye mkonga, akingoja saa nne yake. Bi Pimbi alifurahi hadi akalia.

Basi, wajukuu, mkichagua chombo cha kazi, chukueni kile ambacho fundi wenu anakijua, si kile anachokitaka mwenye sauti nene.