Fisi na Pembe za Mlangoni

"Ngano, ngano!"

"Na ije, tumekaa kitako!"

"Ije na nini?"

"Ije na utamu wake!"

Zamani, zamani sana, Fisi alikaa na mkewe pangoni. Pango lilikuwa kavu, lina kivuli, na njaa hawakuijua.

Siku moja akapita Kinyonga, fundi wa kupamba nyumba.

"Lo, Bwana Fisi, mbona hili ni shimo! Nyumba sharti iseme habari za mwenyewe. Zako wewe ni zipi?"

Fisi akaona haya. Aseme kwamba hula masalio ya Simba? Akakohoa. "Mimi? Mimi ni mwindaji."

Kinyonga akageuka mwekundu kwa furaha. "Nilijua tu! Hata mabega yanasema!"

Mkewe akanong'ona, "Baba watoto, wewe umewinda nini?"

"Nyamaza. Hujui mapambo."

Fisi akaenda jalalani kwa Simba, akaokota kwato za swala, ngozi ya pundamilia na pembe za nyati. Kinyonga akapanga kwato, akatandika ngozi, akapachika pembe juu ya mlango. Fisi akatembea huku na huku, kifua mbele. "Nyumba yangu ndiyo mimi!" Akaalika majirani.

Akaja Swala. Akaziona kwato, akakumbuka ameacha chungu motoni, huyoo!

Akaja Pundamilia. Akaiona ngozi, akalia, akaondoka.

Akaja Nyati na ndugu zake. Akaziona pembe. Hakulia, wala hakuondoka.

"Pembe hizi ni za kaka yangu. Nani alimuua?"

Fisi akamtazama Kinyonga. Kinyonga yuko mtini, kijani kama jani.

"Ni... nimeziokota tu."

"Mbona nyumba yako inasema wewe ni mwindaji?"

"Inasema uongo, bwana wangu!"

Mkewe akaanguka magotini. "Mzee Nyati, huyu hajaua hata panya! Panya wenyewe humkanyaga akilala!"

Majirani wengine waliokwisha kufika wakacheka. Nyati hakucheka.

"Hatukuui, kwa kuwa hukuua. Lakini msiba wetu umeufanya pambo."

Wakachukua pembe zao. Wakaivunja nyumba yote, na Fisi alipokuwa akichomoka wakamkanyaga kiuno. Ndiyo maana hata leo fisi hutembea kiuno kimeinama.

Haya jamani, pamba kwako kwa yaliyo yako, hata yakiwa madogo. Sifa ya kuazima, mwenyewe huja kuidai.

Ngano imekwisha. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni nitafune mwenyewe.