Nguchiro na Hotuba ya Kiboko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na nini?"
"Sema wewe, masikio yetu wazi!"

Pakawa na Nguchiro, mjumbe wa wanyama wadogo katika Baraza la Nyika. Aliingia barazani kijana, akazeekea humo. Kila uchaguzi alimwambia mkewe, Bi Sikudhani, "Mama, hiki ndicho kipindi changu cha mwisho." Bi Sikudhani alicheka tu, akamfungia chakula cha safari.

Mwaka wa ukame, Kiboko akaleta hoja: chemchemi pekee iliyobaki iwe yake. Wajumbe wakubwa alikwisha kuwatia mfukoni. Lakini baraza lilikuwa na sheria: hoja isiyopigiwa kura kabla ya jua kuzama, imekufa, hairudi.

Kikao kilipoanza, Tetere, jirani yao, akatua kando ya Nguchiro, puruu! "Mzee, nyumbani hali mbaya. Bi Sikudhani anakuita."

Moyo ukamlipuka Nguchiro, paa! Lakini akiondoka, nani atawasemea wadogo? Akasimama.

"Mheshimiwa Kiboko, kabla ya kura, hebu tueleze: ukoo wako ulianzaje hata ukawa mtukufu hivi?"

Kiboko akavimba, fuu! Akaanza na babu yake. Alipotaka kukaa, Nguchiro akauliza, "Halafu ikawaje, mheshimiwa?"

Kiboko akasimulia vita vya baba yake. Akataka kukaa.

"Halafu ikawaje, mheshimiwa?"

Tetere akarudi, puruu! "Mzee, anauliza uko wapi."

"Mwambie nakuja." Akamgeukia Kiboko. "Halafu ikawaje, mheshimiwa?"

Kiboko akasifu meno yake, jino baada ya jino. Akasifu tumbo. Akasifu hata mkia, ambao haukuwa na la kusifiwa. Nguchiro anauliza, macho kayaelekeza kwenye jua. Tetere hakurudi tena.

Jua likazama, tumbwi! Korongo, mwenyekiti, akagonga mdomo, ko! ko! "Hoja imekufa!"

"Nimechezewa!" Kiboko akanguruma.

"Aliyekuwa akisema ni nani?" Korongo akamuuliza.

Wadogo wakakimbilia majini, chubwi! chubwi! wakiliimba jina la Nguchiro. Yeye hakunywa. Alikimbia, titititi, mpaka kwake.

Tetere alikuwa mlangoni, kainamisha kichwa.

"Alisema nini?" Nguchiro akauliza, pumzi juu juu.

"Alikuwa na neno la kukwambia. Nikamwomba aniachie mimi nikufikishie. Akakataa. Akasema atakungoja."

Nguchiro akaingia, akaketi karibu na mkewe, akamshika mkono uliokwisha kupoa. Ya Kiboko aliyasikiliza kutwa nzima. Hilo la Bi Sikudhani hakulisikia kamwe. Na barazani hakurudi tena, ingawa walimwita.

Hadithi nimeitua hapo, mwenye nguvu aibebe. Na funzo lake, wanangu? Mke wa mjumbe asiugue siku ya kikao.